Kazi Nzima, Si Kipande

Kwa miaka ishirini na miwili Mpima hakuwahi kupokea simu ya ofisi yake mwenyewe. Simu ilikuwa ya dada yake. Mpima, aliyekuwa mdogo, alikwenda mashambani na viwanjani kupima mipaka ya watu. Mkubwa alibaki mezani, akaandika barua, akapanga siku, akatunza majalada. Walikuwa na vyumba viwili juu ya duka la vioo, ngazi ya chuma upande wa nje, na kibao kilichofifia cha upimaji wa ardhi. Nyumbani pia waliishi pamoja, tangu ndoa ya mdogo ilipovunjika na mwanawe wa pekee alipohamia mji wa mbali kikazi. Majirani walisema ukimwona mmoja, subiri kidogo, mwenzake yuko nyuma anafunga mlango.

Kisha dada mkubwa akaugua. Hakukawia. Miezi minne tu, akafa.

Waliokuja kuzika walidhani ofisi itafungwa. Mpima alirudi kazini baada ya wiki moja, akapanda ngazi peke yake, akaanza kufanya kazi ya watu wawili. Alfajiri aliandika barua, mchana alipima, jioni alitafuta majalada. Siku za mapumziko alipiga hesabu za pembe na umbali. Watu walimwonea huruma, lakini ukweli ni kwamba hakutaka kupunguziwa hata chembe. Mtu aliyezama kazini hana nafasi ya kusikia nyumba yake ilivyo kimya.

Miaka miwili ikaenda hivyo. Mwaka wa tatu mambo yakaanza kuvuja kama paa bovu. Barua zilikaa bila majibu, ramani zilikwenda kwa watu wasiohusika, simu ililia mpaka ikachoka. Mwenye duka la vioo ndiye aliyepanda siku moja kumwambia.

"Mpima, wateja wako wakikukosa wanashuka kulia dukani kwangu. Mimi nauza vioo, siuzi vitambaa vya kufutia machozi."

"Nitawaambia wasije kwako."

"Utawaambia saa ngapi? Tafuta msaidizi. Yupo mama mmoja, alifanya kazi na mke wangu masjala ya hospitali miaka mingi. Wamepunguza watu, yuko nyumbani. Anaitwa Nukta."

"Nukta?"

"Akishasema, amemaliza."

Nukta alikuja Jumatatu. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mwembamba, viatu vya kamba vilivyong'arishwa, miwani imeshikizwa kwa uzi. Mpima alimwonyesha meza ndogo karibu na mlango, iliyokuwa ya kuwekea mwavuli na birika. Meza kubwa ya dirishani ilikuwa tupu, lakini haikuwa tupu. Sweta ya kijani ilikuwa imetundikwa kwenye kiti chake, na juu ya meza kulikuwa na kikombe cha kalamu na daftari nene lenye jalada la kitambaa.

"Utakaa hapa," Mpima alisema. "Karatasi zilizo mezani kwangu usiziguse. Nina mpangilio wangu."

"Sawa, dada."

"Usiniite dada." Ilimtoka kwa ukali zaidi kuliko alivyokusudia. "Kila mtu ananiita Mpima."

Nukta alitazama meza kubwa, akatazama meza ndogo, akasogeza birika, akaketi.

Wiki tatu zilizofuata hazikuwa nzuri kwa yeyote kati yao. Mpima alimpa barua aichape, kisha akasimama nyuma yake.

"Hapo weka mkato. Hapana, juu yake. Mwandikie 'ndugu', usimwandikie 'mheshimiwa'. Ngoja."

"Mpima," alisema Nukta bila kugeuka, "pumzi yako inanigusa shingo."

Mpima alirudi kwenye kiti chake. Dakika tano baadaye aliichukua ile barua, akaichapa upya mwenyewe. Siku nyingine alimwambia, "Mtafutie yule mzee lile jambo lake," akatoka na vyombo vyake vya kupimia. Mzee yupi, jambo gani, Mungu ndiye aliyejua. Siku nyingine akampa ramani kumi za kukunja, na zilipokunjwa akazikunjua kuangalia kama zimekunjwa vizuri. Simu ikilia, wote wawili waliinuka, na Mpima, ambaye meza yake ilikuwa mbali zaidi, ndiye aliyefika kwanza.

Saa nyingi Nukta alikaa tu, mikono juu ya meza, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Ijumaa ya tatu, akivaa koti lake kuondoka, alisema, "Umenipa kiti. Hujanipa kazi." Akashuka ngazi.

Jambo lililowabadilisha lilitokea Jumatano iliyofuata.

Bondeni kulikuwa na bibi mjane aliyegombania mpaka na shemeji yake. Kila mvua iliponyesha, shemeji alidai ua umehama. Walikubaliana Mpima aje atafute mawe ya zamani ya mpaka, waone kwa macho yao, yaishe. Miadi iliandikwa nyuma ya bahasha: Jumatano, saa tatu, bondeni. Miadi ya kiwanda cha matofali iliandikwa pembeni mwa ramani: Jumatano, saa tatu, kiwandani. Karatasi zote mbili zililala mezani pa Mpima, moja juu ya nyingine. Asubuhi aliona ya juu, akaenda kiwandani.

Kule bondeni watu walisubiri. Bibi alikuwa ameita majirani wawili wawe mashahidi, na shemeji alikuwa ameleta wanawe. Saa tatu, saa tano, saa saba. Jua likawaka, maneno yakawaka nalo. Mmoja akasema upande ule umemhonga mpimaji asije. Mwingine akamsukuma. Bibi aliyeingia kati kuamua akaangukia mkono.

Kesho yake asubuhi alipanda ngazi ya chuma polepole, mkono wake umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akahema, akasema, "Mwanangu, kama ulikuwa huji, ungesema tu."

Mpima alimwomba msamaha mpaka maneno yakamwishia. Bibi aliitikia kwa kichwa, akakataa kiti, akashuka. Viatu vyake vilisikika kwenye chuma, kidato kimoja kimoja, kwa muda mrefu.

Mpima aligeuka. "Nilikuwa na miadi miwili siku moja. Hukuona?"

"Niliona," alisema Nukta.

"Uliona! Ukanyamaza?"

"Niliziona Jumatatu, bahasha na ramani. Nikaanza kukwambia, ukasema nisubiri, uko kwenye hesabu. Jumanne nikaanza tena, ukasema karatasi zako zina mpangilio wake. Siku ya kwanza uliniambia nisiguse. Sikugusa." Akavua miwani. "Nilipaswa kukufokea. Hilo ni kosa langu, na usiku kucha limenikosesha usingizi. Lakini lililobaki ni lako."

Mpima alitaka kujibu kwa hasira, na hasira ilikuwepo, tele. Lakini aliitazama bahasha na ramani mezani pake. Aliketi. Nje muuza vioo alikuwa akikata kioo, ule mkwaruzo mrefu unaouma meno.

"Nifanyeje?" aliuliza mwishowe.

"Nipe kazi nzima, si kipande. Niambie unataka mwisho wake uwe nini, na uwe lini. Niambie mpaka wapi naamua mwenyewe na wapi nikuulize. Halafu utoke."

"Nitoke?"

"Utoke. Si una mashamba ya kupima?"

Walianza na miadi, kwa sababu ndiyo iliyovunja mkono wa mtu. Nukta alinunua kitabu kikubwa cha tarehe. Mpima alikusanya bahasha zote, pembe za ramani, hata mkono wa shati aliowahi kuuandikia namba, akamwaga kila kitu mezani pa Nukta. Walikubaliana hivi: Nukta ndiye anayepanga siku, na Mpima hapangi miadi na mtu njiani, sokoni wala kwenye simu. Mtu akimwomba siku, jibu ni moja, "Zungumza na Nukta." Kesi za ugomvi Nukta amwulize kwanza. Mengine yote aamue. Kila asubuhi robo saa, wakae waiangalie wiki, kisha kila mtu ashike njia yake. Kazi ya kwanza iliyoandikwa katika kitabu kile ilikuwa ya bibi wa bondeni. Mpima alikwenda, mawe yakapatikana chini ya ua, na shemeji alitazama pembeni.

Haikuwa rahisi. Wiki ya pili Nukta alipanga viwanja viwili asubuhi moja, kimoja kaskazini ya mji na kingine kusini kabisa. Kwenye kitabu vilikaa vizuri, mstari chini ya mstari. Barabarani vilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu. Mpima alifika kwa mteja wa pili saa saba, akakuta lango limefungwa. Alirudi ofisini na vumbi lake, akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kitabu."

Nukta alikishika. "Hospitali nilikosea mara nyingi, na kule karatasi ikipotea ni roho ya mtu. Ukininyang'anya leo nitajifunza kuogopa. Sitajifunza umbali."

Mkono wa Mpima ulibaki hewani. Alijua mtu mwingine yeyote angekwishampa nafasi ya pili. Alijua pia kwamba sehemu fulani ya moyo wake ilifurahia kosa lile, ilikuwa imelisubiri, ili arudishiwe kazi yake yote, na kusahau huzuni kulikokuja nayo. Jambo hilo lilimtisha.

"Vaa viatu vya shambani kesho," alisema.

Nukta alikwenda naye siku nne. Aliona jinsi kufyeka kichaka kupata mstari mmoja wa kuonea kunavyokula asubuhi, jinsi wenye shamba wanavyotaka kwanza kueleza historia ya babu, jinsi mvua ya nusu saa inavyoifunga barabara siku nzima. Alishika ufito wa kupimia akiwa amenyooka kama askari wa gwaride, na mbwa wa mteja mmoja akampenda akamfuata mpaka garini. Tangu hapo kitabu hakikukosea tena kuhusu umbali.

Baadaye zikafuata barua. Mpima alijifunza kusema, "Mjibu huyu kwamba kazi itakwisha mwezi ujao, na ukweli ni kwamba amechelewa yeye, lakini usimwambie hivyo," halafu kuondoka. Alizisoma kabla ya kutia sahihi, na aliweka kalamu mbali ili asirekebishe mikato. Mara moja alikuta barua nzuri kuliko ile ambayo angeiandika yeye. Aliisoma mara mbili. Hakujua kwa nini ilimhuzunisha.

Kisha wakafikia majalada.

"Hapa nimekwama," alisema Nukta. "Daftari hili silielewi." Alikuwa amelichukua lile daftari nene la jalada la kitambaa, kwa mara ya kwanza, tena kwa mikono miwili.

Mpima hakuwa amelifungua tangu mazishi. Majalada yote ya ofisi, zaidi ya elfu, yaliorodheshwa humo kwa mwandiko wa dada yake, lakini si kwa namba wala kwa jina. Dada alikuwa na njia yake. *Mwenye kofia mbili. Wale wasiosalimiana. Kiwanja cha kelele. Baba wa mapacha, yule mpole. Anayelipa kabla hajaombwa, Mungu amweke.*

"Huyu ni nani?" Nukta aliuliza, kidole kwenye mstari. "Kilima cha kiatu."

Mpima alitazama, na kicheko kikamtoka ghafla, kikamshtua yeye mwenyewe. "Nilipoteza kiatu kwenye tope nikarudi peku. Dada alinicheka wiki nzima."

Ilibidi wakae pamoja, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu Mpima peke yake duniani ndiye aliyebaki kuweza kuisoma lugha ile. Kila alasiri kwa wiki tatu Nukta aliuliza, Mpima akaeleza, na Nukta akaandika katika orodha mpya: jina, mahali, namba ya jalada, rafu. Mpima alisimulia mambo ambayo hakuwahi kumsimulia mtu. Mara nyingine sauti ilikatika, na Nukta alisubiri, kalamu juu ya karatasi, bila kusema pole na bila kutazama saa.

Mstari wa mwisho wa dada ulikuwa na wino uliopauka. *Shamba la mlima. Mdogo wangu alirudi amelowa, hali chakula siku hizi, nimwangalie.* Ilikuwa wiki ileile dada alipolazwa hospitali.

Nukta aliandika: Shamba la mlima, namba, rafu ya saba. Hakuandika kilichobaki. Akalifunga daftari, akamsogezea Mpima. "Hili sasa si la ofisi," alisema. "Ni lako."

Siku iliyofuata Mpima alichukua sweta na kikombe cha kalamu, akaviweka katika mfuko. Akamwambia Nukta ahamie dirishani, anahitaji mwanga. Alisema akiangalia ukuta.

Basi kazi ikanyooka. Simu ilipokelewa, barua zilikwenda, na mwenye duka la vioo alisema amesahau sura za wateja wa juu. Siku nyingi saa tisa na nusu hapakuwa na jambo la kumbakisha Mpima ofisini.

Hapo ndipo shida yake ya kweli ilipomkuta, kwa sababu hapakuwa tena na mahali pa kujificha. Alifika nyumbani jua lingali juu. Aliona vitu ambavyo kwa miaka mitatu alivipita gizani: pazia lililokatika ndoano, mlango wa chumba cha dada, viti sita vya meza ya chakula. Alifagia palipokuwa safi. Alifungua redio, akaifunga. Alikaa kwenye kidato cha mlango wa nyuma, mikono mapajani, akisikia watoto wa jirani wakiitwa ndani kuoga. Kilio alichokuwa amekiahirisha kilimjia hapo, mchana kweupe, bila heshima, na alilia kama mtu aliyefiwa juzi.

Alimpigia mwanawe.

"Mama! Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nakusalimia."

"Saa hizi? Uko kazini?"

"Niko nyumbani. Nimemaliza mapema."

Kwa miaka yote hiyo simu zao zilikuwa za kukatishana, yeye ndiye aliyekuwa akisema nina haraka, mwanangu, nitakupigia. Sasa alikuwa na muda, na wala hakujua aanzie wapi.

"Mama, naingia kikaoni. Nitakupigia Jumapili, sawa?"

"Sawa, mwanangu."

Alipiga Jumapili, kweli. Walizungumza dakika kumi na moja. Ilikuwa vigumu, kama kufungua dirisha lililopakwa rangi likiwa limefungwa, lakini lilifunguka kidogo.

Asubuhi moja, kwenye ile robo saa yao, alimwuliza Nukta, "Mtu akimaliza kazi saa tisa, anafanya nini?"

Nukta alifikiri. "Hiyo siwezi kukufanyia," alisema. Kisha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaongeza, "Mimi mwenyewe sijui."

Mwezi wa sita Nukta aliugua homa. Hakuja siku tatu. Ofisi haikuyumba: alikuwa ameacha kila kitu kimeandikwa, nani apigiwe, nani asubiri, ufunguo uko wapi. Mpima aliisoma karatasi ile, akagundua kwamba anajua mwandiko wa Nukta, anajua mikato yake, na hajui anakoishi. Alimwuliza mwenye duka la vioo.

Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la cherehani, ua wa saruji, bomba la pamoja. Nukta alifungua akiwa amejifunga shuka mabegani. Alishtuka, akaziweka sawa nywele zake.

"Kuna kilichoharibika ofisini?"

"Hakuna. Nimekuja kukuona tu."

Chumba kilikuwa safi mno, usafi wa mtu asiyetembelewa. Kitanda, sanduku, kiti kimoja, sahani moja imeegemezwa ukutani ikauke. Mpima alivitambua vyote bila kuambiwa. Nukta alitaka kumpa kiti, yeye aketi kitandani, kisha akazunguka kutafuta cha kumkaribisha mgeni, akasimama katikati ya chumba amepotea, yeye ambaye hakuwahi kupoteza hata karatasi.

"Lala," Mpima alisema. "Umekula?"

"Jana."

"Jana si leo."

Alikwenda dukani, akarudi na mkate, ndimu na majani ya chai. Aliwasha jiko. Nukta, kichwa kwenye mto, alianza kumwelekeza: kiberiti kiko kushoto, sufuria ile ndogo, maji usijaze sana.

"Nukta," Mpima alisema, "niambie unataka mwisho wake uwe nini. Mengine niachie."

Nukta alicheka mpaka akakohoa. "Chai," alisema. "Kali. Nusu saa."

Walikunywa kwa zamu, kwa sababu kikombe kilikuwa kimoja. Nukta alieleza kwamba alipopunguzwa kazi hospitali alikaa humu miezi saba, na kuna wiki hakutamka neno hata moja isipokuwa kumwambia muuza mkate asante. Mpima alisema anaelewa. Nje cherehani zilikimbia, zikasimama, zikakimbia tena.

Mwanga ulipoanza kupungua mlangoni Nukta alisinzia. Mpima aliosha kikombe, akakausha mikono kwa sketi yake. Angeweza kwenda. Nyumbani hakukuwa na aliyemsubiri, na hapa hapakuwa na aliyemwomba abaki. Alivuta kiti karibu kidogo na kitanda, akakaa, akamsikiliza mtu mwingine akipumua chumbani.